Swali la Tatu

Ilianza na sufuria moja, tena ya kuazima. Akina mama wa kanisa walikubaliana kuwapikia supu watu waliokuwa wakilala barazani mwa maduka, Jumamosi moja tu, ili dhamiri zao zitulie. Dhamiri zikatulia vizuri sana. Tatizo ni kwamba Jumamosi iliyofuata watu wale walirudi, bakuli mkononi, kama watu wenye mkutano uliopangwa. Sasa utawaambia nini? Kwamba huruma ya Mungu ilikuwa ya wiki iliyopita?

Basi Jumamosi ikazaa Jumatano, na Jumatano ikazaa kila siku. Supu ikaleta mkate, mkate ukaleta panya, panya wakaleta stoo yenye mlango wa bati na kufuli. Mvua ikaja, ukumbi ukafunguliwa, magodoro yakatandikwa: wanaume ukumbini, wanawake katika darasa la watoto wa Jumapili, chini ya picha ya safina ya Nuhu. Akaja mtu ana kidonda mguuni, ikawekwa meza ya dawa. Akaja mwingine ananuka kiasi kwamba kwaya ilikataa kuimba, likajengwa bafu. Hakuna mtu aliyekaa chini akapanga. Kila kitu pale kililetwa na mbishi mmoja aliyekataa kuondoka.

Mwanamke aliyeazima ile sufuria ya kwanza aliitwa Mama Sufuria, na jina likamganda hata mumewe akaanza kulitumia. Mume mwenyewe alikuwa Fundi Viatu, mtu mpole, mwenye misumari midogo midomoni muda mwingi, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kumbishia mkewe. Walikaa na mama yake Fundi, bibi aliyekuwa haoni mbali na hatembei bila kushikwa, lakini ulimi wake ulikuwa mzima na haukuhitaji fimbo.

Mama Sufuria ndiye aliyeanza, kwa hiyo ndiye aliyetunga sheria. Zilibandikwa mlangoni. Ya kwanza: kila mgeni achukue kibao cha namba. Ya pili: aoge kabla ya kulala. Ya tatu: wanaume kwao na wanawake kwao, hata kama wamefungishwa ndoa na maaskofu watatu. Ya nne: mzee asiyejiweza apelekwe makao ya wazee ya serikali, nje ya mji, mwendo wa nusu siku kwa basi, maana kanisa si hospitali. Na kabla ya kupewa kibao, kila mgeni aulizwe maswali matatu na majibu yaandikwe daftarini. Jina lako nani? Jana umelala wapi? Utaondoka lini?

Swali la tatu ndilo alilolipenda.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alimwambia Katibu wa kamati. "Sisi jembe hatuna. Tumpe swali."

Katibu, kijana mwenye miwani na mwandiko mzuri, aliandika hata hilo.

 

Jumanne moja asubuhi, kijana wa manispaa alifika na kopo la rangi nyekundu na brashi, akachora alama ya X ukutani mwa nyumba ya Mama Sufuria. Aliichora vizuri, pande zote mbili sawasawa, kama mtu aliyefundishwa.

Nyumba ilikuwa vyumba viwili na kiuwanja, ya kupanga. Jirani alikuwa akijenga ghorofa, na msingi wake aliuchimba kwenda chini kana kwamba anamtafuta mtu. Ukuta wa pamoja ukapasuka kutoka chini hadi darini. Mwanzoni ufa ulipitisha upepo, baadaye ukapitisha mkono. Bibi alikuwa ameshafanya urafiki na vibarua wa upande wa pili. Aliwapa chai kwa kupitia ufa, nao wakamrudishia kikombe na habari za mjini.

"Kijana wangu," Fundi alimuuliza yule wa manispaa, "alama hii maana yake nini?"

"Maana yake nyumba itaanguka, mzee. Ikifika saa kumi jioni pasiwe na mtu humu."

"Leo?"

"Sikuandika tarehe, mzee, lakini ni leo."

"Muulize," Bibi alisema kutoka kitandani, "rangi ikibaki atupakie na dirisha."

Mwenye nyumba alipigiwa simu mara sita. Simu yake ilikuwa haipatikani tangu alfajiri, jambo la ajabu kwa mtu ambaye mwisho wa mwezi hupatikana hata akiwa msibani. Fundi akakaa juu ya sanduku lake la kazi, akatema misumari mkononi ili apate kusema.

"Mdogo wangu ana chumba kimoja, watoto watano na mbwa."

"Mbwa analala wapi?" mkewe aliuliza.

"Kitandani. Watoto ndio wako chini." Akafikiri. "Twende kanisani kwako."

Mama Sufuria aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Niende kanisani nikapange foleni? Mimi? Nishike kibao?"

"Wenzio hushika."

"Wenzangu nani? Wale ni wageni. Na mama yako je? Sheria ya nne inasema nini? Apelekwe makao ya wazee. Huko tutamwona mara ngapi? Na wewe utalala ukumbini na mimi nilale na safina ya Nuhu?"

"Sheria kaitunga nani?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

Mama Sufuria alianza kukunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

"Mimi na Katibu," alisema. "Na Mchungaji, ila siku hiyo alikuwa safarini."

Kutoka kitandani Bibi alicheka hadi akakohoa. Hata hivyo mkono wake ulikuwa umeushika ukingo wa godoro, na haukuuachia. Alikuwa ameyasikia makao ya wazee. Kuna watu aliosali nao waliopelekwa huko. Walimtumia salamu mara moja, na baada ya hapo hakuna salamu zilizokuja.

 

Ufunguo wa stoo ya kanisa ulikuwa mmoja tu, nao ulining'inia kiunoni mwa Mama Sufuria mchana na usiku. Mpango wake ulikuwa mwepesi: wataingiza vitu kidogokidogo kama vile ni msaada uliotolewa, watajibanza nyuma ya magunia siku mbili tatu mpaka chumba kipatikane, na hakuna atakayejua. Mpango mwepesi huwa hivyo, uzito wake unauona ukishaubeba.

Walipofika jikoni na godoro limeviringishwa, Katibu alikuwa mlangoni na daftari la vitu vilivyotolewa.

"Msaada mwingine, Mama! Mungu awabariki waliotoa. Ni akina nani?"

"Hawakutaka kutajwa," alisema Mama Sufuria.

"Watu wema kweli," Katibu akaandika. "Godoro moja, limetumika. Hilo nalo? Birika moja, halina mfuniko. Mto mmoja..." Akaunusa. "Mto mmoja, umetumika sana."

Fundi alitazama juu kwenye paa, misumari midomoni.

"Tena limekuja kwa wakati," Katibu akaendelea, na kabla mtu hajasema neno alikuwa ameshalishika godoro. "Yule mama aliyekuja jana analala kwenye sakafu tupu." Akaondoka nalo begani, akiimba wimbo wa shukrani.

Ndivyo Mama Sufuria alivyotoa sadaka godoro lake la miaka kumi na moja, bila kutaka na bila kujulikana. Mbinguni sijui liliandikwaje.

Bibi aliingizwa kupitia mlango mkubwa wa kanisa, ameshikwa mkono na mwanawe, kama mama aliyekuja kuombewa. Akakalishwa kwenye benchi la mbele asubiri Katibu aende zake. Watu wawili waliokuwa wakifagia walimwona anavyoinamisha kichwa, wakasifu imani yake. Alikuwa amelala.

 

Kuishi nyuma ya magunia kuna elimu yake. Fundi alijifunza kupiga chafya ndani ya gunia la maharage. Mama Sufuria alijifunza kuoga saa tisa mchana, wakati bafu halina mtu, akitoka na ndoo na brashi ili aonekane alikuwa analisafisha. Yeye aliyekuwa akiwaambia watu "ogeni haraka, maji si ya baba yenu" sasa alijimwagia vikombe viwili na kukimbia, sabuni bado masikioni.

Bibi ndiye aliyestarehe.

"Maisha yangu nimelala na wawili tu," alisema asubuhi ya pili, akipapasa pembeni yake. "Marehemu, na sasa gunia hili la viazi. Gunia lina adabu kuliko marehemu. Halivuti shuka."

"Mama, sema polepole."

"Nani atasikia? Panya? Panya ananijua."

Ila kuna kitu kilichosikika. Bibi alikuwa akikoroma. Hakukoroma kama wazee wengine, kwa kuomba radhi. Alikoroma kama mtu anayevuta meza nzito juu ya mawe. Ukumbi wa wanaume ulikuwa upande wa pili wa ukuta. Kufikia Alhamisi kila mgeni alijua kwamba stooni kuna shetani, tena shetani mnene. Wapo waliosema wamemwona. Katibu akamweleza Mchungaji, na Mchungaji akaahidi kwamba Ijumaa jioni, kabla ya chakula, atakuja kuiombea stoo.

Mtu mmoja tu hakuamini. Huyo alikuwa Balozi. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa tai kila siku, juu ya shati lisilo na vifungo viwili, na kwa sababu ya ile tai watu wakamwita hivyo. Alikula kanisani lakini hakulala hapo hata siku moja. Kitanda chake kilikuwa baraza ya benki, na alisema yuko karibu na fedha kuliko meneja.

"Mama Sufuria," alimwambia alipofika mbele ya sufuria, sauti ya chini, "huyu shetani wenu anakunywa chai?"

"Chai gani?"

"Nimeona birika linaingia. Halina mfuniko."

Mama Sufuria alimpakulia nyama. Balozi akabaki amesimama. Akamwongeza ya pili.

"Tena chai ya maziwa, nadhani," Balozi alisema, akilitazama bakuli.

Ya tatu ikaingia. Balozi akarekebisha tai yake, akasema, "Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri," akaenda kukaa.

Chumba hakikupatikana. Kila kilichokuwepo kilitaka kodi ya nusu mwaka mbele, na mmoja wa wenye nyumba, alipomwona Bibi, aliuliza kama naye atahesabiwa. Fundi, mtu mpole, alimjibu, "Huyu hahesabiki," na ndiyo mara ya kwanza mkewe alimsikia akimjibu mtu bila kutema misumari kwanza.

 

Ijumaa jioni foleni ilifika mpaka getini. Katibu alikaa kwenye meza yake na daftari. Mchungaji alikuwa amekuja na Biblia na kichupa cha mafuta, anangoja ufunguo wa stoo. Mama Sufuria alikuwa akikoroga supu kwa nguvu, akitafuta uongo wa kumpa. Alikuwa na mitatu, yote mibovu: ufunguo umepotea, kufuli imeota kutu, au mume wangu ameondoka nao. Fundi mwenyewe alikuwa bado kazini kwake kona ya barabara, hana habari ya mafuta wala ya maombi.

Huku stooni Bibi alikuwa amechoka na giza, na alikuwa amesikia harufu. Kwa miaka yote aliyokaa na mke wa mwanawe, kuna neno moja ambalo hakuwahi kulikosa kila chakula kikiwa jikoni, na siku tatu hakuwa amelisema. Lilikuwa limemjaa. Akajivuta kwa kushika magunia, akafunga kilemba chake cha kanisani, akashika fimbo yake, akapapasa ukuta mpaka kwenye mlango mdogo wa jikoni, uliofungwa kwa komeo upande wa stoo, akalifungua, na kutoka hapo akafuata sauti. Akatokea mwanzoni mwa foleni, mbele ya meza ya Katibu.

Watu wakampisha. Ni mzee.

"Karibu, Bibi," Katibu alisema. "Jina lako nani?"

"Andika Bibi. Waliokuwa wakiniita jina wote wamekufa, na wewe usilizoee."

"Haya, Bibi. Jana umelala wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo stooni, nyuma ya magunia. Mna panya mmoja ana heshima zake."

Kalamu ya Katibu ilisimama. Mchungaji akashusha kichupa cha mafuta. Lakini Katibu alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulisema maswali ni matatu.

"Utaondoka lini?" aliuliza, sauti imepungua.

"Hilo muulize mkamwana wangu." Bibi akaelekeza fimbo moja kwa moja kwenye sufuria, kwa mtu asiyeona mbali alilenga vizuri mno. "Ndiye mwenye ufunguo. Na ukimaliza kumuuliza, mwambie supu inaungua."

Kweli ilikuwa inaungua. Foleni nzima, watu hamsini na kitu, walimgeukia Mama Sufuria. Alisimama na upawa hewani, na supu ikidondoka kwenye kiatu chake, kiatu ambacho mumewe alikuwa amekishona mara nne.

"Jamani," mtu alisema nyuma, "shetani ni mama mkwe."

Kicheko kilipanda mpaka getini na kurudi. Mchungaji akamsogelea Mama Sufuria haraka, akamshika kiwiko.

"Twende ofisini, Mama. Mambo haya tutayamaliza kimyakimya. Mtakaa stooni, hakuna atakayewauliza. Wewe si sawa na hawa."

Lilikuwa neno la wema. Mama Sufuria alitaka kulipokea. Alikuwa ameshageuka nusu kuelekea ofisini. Na angefika, kama Balozi asingevua kofia.

"Mchungaji, samahani," Balozi alisema. "Mimi mara ya kwanza nilikuja hapa na mke wangu. Mnakumbuka? Hamkumbuki. Tulikuwa wawili, begi moja. Nikaambiwa mimi kulia, mwenzangu kushoto. Begi likawa halijui liende wapi." Watu wakacheka kidogo, wakaacha. "Mke wangu akasema, kama ni kutengana, bora akatengane kwa dada yake. Akaenda. Sisi ofisi hatukuonyeshwa."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa, na tai yake shingoni.

Mama Sufuria aliitazama ile karatasi mlangoni. Mwandiko wa Katibu, maneno yake. Kisha akavua aproni, akamvisha Balozi shingoni juu ya tai, akamtia upawa mkononi.

"Koroga. Usiache ishike chini."

"Inashika tayari."

"Usinifundishe."

Akamshika mama mkwe wake mkono, wakatembea mbele ya watu wote hamsini na kitu, mpaka mwisho wa foleni, getini.

 

Foleni haina adabu, na huo ndio uzuri wake.

"Karibu, Mama Sufuria! Huku nyuma kuna upepo mzuri."

"Ukifika kule nyama zimekwisha. Si ulitufundisha mwenyewe kuwahi?"

"Mama, uwe umenawa. Maji si ya baba yako."

"Nimenawa," alijibu. Masikio yake yalikuwa yakiwaka moto.

"Wanakuchukia?" Bibi alimuuliza kwa sauti ambayo aliiona ya kunong'ona.

"Hapana, Mama. Wananitania."

"Basi watanie na wewe. Mimi unanitania kila siku."

Fundi alitokea kona na sanduku lake la kazi kichwani. Akamwona mama yake, akamwona mkewe, akaiona foleni. Akasimama nyuma yao.

"Kuna nini leo?"

"Supu."

"Imeungua?"

"Kidogo."

Akashusha sanduku, akamkalisha mama yake juu yake, na kila foleni iliposogea akalisukuma kwa mguu, mama na yote. Hivyo ndivyo Bibi alivyofika mezani kwa mara ya pili, ameketi kama malkia anayevutwa.

Katibu alikuwa ametoka jasho mpaka miwani ikateleza.

"Mama, wewe huna haja ya kuulizwa."

"Niulize. Yote."

Akauliza jina, akaandika. Akauliza jana amelala wapi, akaandika "stoo", kwa herufi ndogo. Kisha akainama na kunong'ona.

"La tatu sema 'kesho' tu, Mama. Wote husema kesho."

"Wote?"

Katibu akamgeuzia daftari. Mama Sufuria hakuwahi kulisoma; yeye kazi yake ilikuwa sufuria. Ukurasa wa kwanza, safu ya tatu: kesho, kesho, kesho. Ukurasa wa kumi: kesho. Kuna waliokuwa wamelala pale miaka miwili, na kila jioni ya miaka miwili walikuwa wanaondoka kesho. Mmoja aliandikiwa "keshokutwa", na ikaonekana kama majivuno.

"Na tulipowaandikia wafadhili," Katibu alisema, uso umeinama, "tuliandika kwamba mgeni hukaa kwetu siku moja, kwa wastani. Walifurahi sana."

Mama Sufuria alicheka. Hakupenda, lakini kicheko kilimtoka, na kilipomaliza kutoka macho yalikuwa yamelowa.

"Niulize," alisema.

"Utaondoka lini?"

"Sijui."

"Sijui... hatujawahi kuwa nayo, Mama. Safu hii inataka siku."

"Andika sijui. Na hilo swali ulifute, na sheria ya tatu, na ya nne. Nilizitunga mimi."

"Kwa nini ulizitunga, basi?" Mchungaji aliuliza, na aliuliza kweli, si kwa kumsuta.

"Nilikuwa na nyumba," alisema Mama Sufuria.

Mchungaji aliitazama foleni, akamtazama Bibi juu ya sanduku.

"Lakini hatuna mahali pa kulaza familia," alisema. "Ukumbi umejaa, darasa limejaa."

"Si palepale?" Bibi alisema. "Tumeshapazoea. Ondoeni viazi."

 

Viazi viliondolewa Jumamosi. Magunia yakahamia chini ya jukwaa la kwaya, ambako yanakaa mpaka leo, na wenye sauti ya kwanza husimama juu yake. Majoho ya zamani ya kwaya, ya rangi ya zambarau, Fundi aliyaunganisha kwa sindano ya ngozi na uzi wa viatu, yakawa pazia la kugawa stoo vyumba viwili. Pazia lile hata ukilining'inizia ng'ombe halichaniki. Godoro lao liliombwa kwa yule mama, naye akalirudisha, akisema lilikuwa na bonde katikati, anashangaa nani alitoa kitu kama kile.

Sanduku la Fundi likapata meza yake karibu na meza ya dawa. Mchana hushona viatu vya wageni, maana mtu mwenye kiatu kizima hutembea mbali zaidi kutafuta kazi. Hakuna aliyeamua. Alikaa tu, viatu vikaja.

Kamati ilikutana. Balozi sasa alikuwa mjumbe, aproni juu ya tai. Sheria mbili zilifutwa kwa dakika tano. Mabishano yalikuwa juu ya swali la tatu, kwa sababu Katibu alikuwa ameshachora safu tatu katika daftari jipya, na hakuwa tayari kuacha moja tupu.

"Tuulize aina ya kazi, anajua kufanya nini," Mchungaji alisema.

"Tuulize kama ana ndugu," alisema Mama Sufuria.

Bibi, ambaye si mjumbe lakini kikao kilifanyika mbele ya pazia lake, aligonga fimbo.

"Ulizeni kama anakoroma," alisema. "Hilo ndilo linalowahusu wenzake."

Likapita. Wafadhili waliandikiwa barua mpya, ya kweli, kwamba wageni hukaa siku ambazo hazijulikani. Mmoja hakujibu tena. Mwingine alileta vitanda viwili na kuuliza mbona hawakusema mapema.

Na watu ni watu. Wiki mbili nzima Katibu aliuliza kila aliyekuja, "Unakoroma?" na ukurasa baada ya ukurasa safu ya tatu ikajaa: hapana, hapana, hapana. Ukumbi huku ukitetemeka kama gati linalopakuliwa mizigo.

Balozi alipotea siku tatu. Supu ilikorogwa na Mama Sufuria mwenyewe, na kila mara mtu akimuuliza alijibu kwa ukali kwamba yeye si mlinzi wa watu, kisha akatazama getini. Jumatatu jioni akatokea. Tai imefungwa upya, vifungo viwili vimeshonwa kwenye shati. Nyuma yake mwanamke mfupi, uso mkavu wa mtu aliyekaa muda mrefu kwenye nyumba ya dada yake, na kati yao begi moja.

Wakapanga foleni. Walipofika mezani, Katibu aliandika majina. Aliandika walikolala. Akamtazama Balozi juu ya miwani.

"Unakoroma?"

"Hapana," Balozi alisema, kwa heshima zote za ubalozi.

Mkewe akaliweka begi chini.

"Mwandikie ndiyo," alisema. "Herufi kubwa."

Katibu akaandika NDIYO, polepole, kwa mwandiko wake mzuri kuliko yote. Mama Sufuria alichota supu, akaweka nyama mbili kwenye bakuli la mke, moja kwenye la mume, akasema la mume limeshakula zake zamani. Na kutoka nyuma ya pazia la zambarau, kwa sauti ya mwenye nyumba aliyesikia hodi, Bibi akauliza:

"Mkamwana, wageni wetu wameingia? Waambie wasiogope supu. Wataizoea."